Siku Mama Aliposhushwa Kliniki

Majumba ya Michenzani, hapa Zanzibar, yalijengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na wengi waliopewa fleti mle walipanda ngazi wakiwa vijana, dumu la maji kila mkono. Mama yetu alikuwa mmoja wao. Jengo letu halina lifti, naye yuko ghorofa ya nne. Kiharusi kilipomlegeza upande wa kulia, fleti aliyoipenda ikageuka mahali asipoweza kutoka.

Dada yetu mkubwa ndiye aliyebaki naye. Alifunika cherehani yake kwa kanga, akawaambia wateja wasubiri, na wateja hawakusubiri. Sisi wengine tulikuwa Pemba, Dar es Salaam na Muscat. Tulituma dua na pesa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Pesa zilisaidia, kwani pampasi za mtu mzima zinakwisha upesi kuliko unga. Lakini mgonjwa wa namna hii hugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asije akapata vidonda vya mgongo, na hakuna pesa iliyowahi kumgeuza mtu saa nane usiku.

Nilikuwa nimekuja kutoka Pemba siku ile ya kliniki. Mpango ulikuwa tumkalishe mama kwenye kiti cha plastiki, tumfunge kanga kiunoni asiteleze, vijana wawili wa jirani washike mbele, mimi na shemeji nyuma. Dada alitangulia akihesabu ngazi kwa sauti. Ghorofa ya tatu tukapita salama. Tulipofika ya pili, mguu mmoja wa kiti ukavunjika, kiti kikainama, mama akaanza kuporomoka. Dada akageuka akamdaka kwa kifua chake, wakakaa chini pamoja taratibu, kanga ikiwafunga wote wawili. Mama hakuumia hata ukucha. Dada hakuweza kuinuka. Mgongo wake, uliombeba mtu mzima kwa miezi, ulikataa pale pale, na chini teksi ilikuwa inapiga honi.

Milango ikafunguka, ya chini na ya juu. Wengi walijua mama anaumwa, lakini hawakujua hali ilivyo, maana dada alikuwa akiwapokea wageni mlangoni. Mama alikuwa mwalimu wa skuli, mtu wa kujistahi, na dada hakutaka aonekane anapofutwa na kubadilishwa. Naielewa stara ile na ninaiheshimu. Ila ilimfungia ndani na yeye pia.

Aliyetutoa ngazini ni bibi mmoja wa ghorofa ya pili, muuguzi mstaafu. Aliwazuia vijana waliotaka kumnyanyua mama kwa kumvuta mkono.

"Huo mkono uliolegea haushikwi hivyo, wanangu. Bega litachomoka. Nileteeni shuka nene."

Kwa shuka lile watu wanne walimbeba hadi kwenye teksi. Jioni bibi huyo akapanda hadi kwetu, akakaa na dada kitandani, akamfundisha: kumgeuza mgonjwa, kunja goti lake kwanza, kisha sukuma bega na nyonga kwa pamoja, yeye mwenyewe azunguke, shuka lililokunjwa libaki chini yake ili kumsogeza bila kumkwaruza, uji apewe amekaa wima, kijiko kidogo kidogo, kidevu kikiinama, na asilazwe mara tu baada ya kula, kwani chakula kikiingia mapafuni huleta homa ya mapafu. Dada alikuwa anasikia haya kwa mara ya kwanza. Hospitali tuliyotoka walitupa karatasi ya dawa; juu ya mtu atakayeuguza nyumbani hakuna aliyesema neno. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu mafunzo yale yalichukua jioni moja tu.

Bibi huyo huyo ndiye aliyetupeleka kwa sheha, kiongozi wa shehia yetu. Mama anapata Pensheni Jamii, ile iliyoanza Aprili 2016 kwa wazee waliotimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Tangu augue haikuchukuliwa, dada akidhani lazima mwenyewe afike. Tukaandikisha wa kumpokelea. Nashukuru kwa fedha hizo, na bado nasema: ni haki ya mama. Lakini anayemlisha mama hana mstari katika daftari lolote.

Kikao cha familia kilichofuata kilikuwa kizito. Jamaa mmoja alitaja nyumba za wazee za serikali, Sebleni na Welezo. Dada akajibu kwamba zile ni za wasio na mtu, na mama ana watoto watano. Hapo ndipo tulipolazimika kuhesabiana saa badala ya shilingi. Kaka wa Muscat akachukua mshahara wa msaidizi wa usiku. Wifi akachukua Jumamosi na Jumapili. Mimi nikaomba uhamisho kazini, nikasubiri, nikaupata. Dada akapelekwa kwa mtaalamu wa viungo kwa ajili ya mgongo wake, na mchana anarudi kwenye cherehani, akiwa amekaa sebuleni ambapo mama anamwona.

Katika ngazi zile zile tuligundua wengine. Ghorofa ya kwanza kuna mzee anayemwogesha mkewe peke yake. Juu yetu kuna mjukuu wa kike anayelala mlangoni ili bibi yake, ambaye kumbukumbu zimempotea, asitoke usiku. Siku hizi wanakutana sebuleni kwa muuguzi mstaafu, wanapokezana zamu za saa mbili mbili ili mwenzao aende sokoni, mazikoni, au alale tu. Wameshaanza kuchangia vyuma vya kushikia ngazini, kuanzia chini hadi ghorofa ya nne. Fundi wa kuchomelea amekuja kupima, ametaja bei, na sheha ameahidi kuifikisha wilayani barua yao kuhusu vyuma hivyo.