Lipu Juu ya Lipu

Uingereza, lipu ya jasi ikikauka hubaki na wekundu hafifu, kama shavu la mwenye haya. Kampuni ya Farrow & Ball, ya kule Dorset, inauza rangi ya aina hiyohiyo, namba 231, iitwayo Setting Plaster: lipu inayokauka. Basi mwenye nyumba humlipa fundi apige lipu, kisha hununua kopo la bei ya kutisha ili ukuta ufanane na lipu aliyoifunika. Wageni husifu sana, hasa jioni taa zikiwashwa. Huku kwetu lipu ni ya saruji, kijivu, na anayeiacha hivyo huulizwa na mashemeji kama mambo yamekwama. Hakuna anayemwambia ana jicho la sanaa.