Jumbe Nyumbu na Lango la Komba

Kando ya mto Utumbo Mdogo palikuwa na kijiji kilichoitwa Seli, na ukuta wake haukuwa wa mawe wala wa miti. Ulikuwa wa walinzi. Kila mlinzi alikuwa na kichwa cha bata, kinachopenda maji, na mikia miwili ya paka, isiyotaka hata tone. Basi walijipanga wenyewe bila kuamriwa: safu moja vichwa mtoni, safu ya pili vichwa kijijini, mikia yote katikati, pakavu. Hawakutulia. Walipishana ndani ya safu zao saa zote, na tundu likitokea waliliziba papo hapo. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba ajabu. Ungepanga kuta kama hizo 10,000 hivi ndipo ufikie unene wa unywele mmoja.

Hewa na mafuta vilipenya kati yao. Lakini Sodiamu na Kloraidi, ndugu wawili wa Chumvi ambao wakiingia majini huachana, hawakuweza kuvuka ile mikia. Walihitaji malango, na kila lango lilikuwa na bawabu wake. Upande wa nyuma wa kijiji Punda alihangaika usiku na mchana: anatoa Sodiamu watatu, anaingiza Potasiamu wawili, anapewa mlo mmoja, anaanza tena. Kijiji kizima kiliishi kwa jasho lake, na barazani hakuna aliyemtaja.

Siku moja akaja mgeni mwenye mikono mitano. Baadhi ya walinzi walivaa shada za sukari vichwani. Mgeni akazishika tano kwa mpigo, akapata njia ya kuingia. Ndani hakuvunja kitu. Alimwendea karani anayepiga kengele ya kufungua lango la Kloraidi, akaukwamisha mkono wake kwenye kengele. Lango likabaki wazi. Kloraidi wakamwagika mtoni, Sodiamu wakawafuata ndugu zao kupitia vichochoro baina ya vijiji, na maji, ambayo hayaachani na hao wawili, yakatoka nyuma yao. Vijiji vya jirani vikapatwa vivyo hivyo. Mto ukafurika, mweupe kama maji ya mchele.

Jumbe Nyumbu akaitisha baraza.

“Balaa limeingia kwa malango,” alisema. “Fungeni yote! Na mtu asimwage hata kata moja ya maji mtoni. Mto umeshafurika, mnataka kuuzidisha?”

Makofi yakapigwa. Fisi, mwandishi wa Jumbe, alikuwa ameshaiandika amri kabla haijamalizika kutamkwa.

Komba, bawabu wa lango dogo, akasimama. “Shikamoo Jumbe.”

“Marahaba. Sema upesi.”

“Lango lililoharibika ni moja, Jumbe. Langu ni zima. Kwangu Sodiamu hapiti peke yake, wala Sukari hapiti peke yake. Sodiamu wawili wakishikana na Sukari mmoja, nawageuzia mlango, na maji huwafuata ndani. Mimi sina nguvu za kumvuta mtu. Ni Punda anayewapunguza Sodiamu humu ndani, ndipo wa nje wapate kuingia. Leteni mtoni maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo.”

“Chumvi na sukari!” Nyumbu alicheka. “Vitu vya jikoni! Hili ni janga kubwa, linataka dawa yenye jina kubwa.”

Akina mama waliokaa nyuma hawakungoja baraza livunjwe. Walikwenda kuchanganya, wakamimina kidogo kidogo, usiku kucha. Kengele iliendelea kulia, lango la Kloraidi halikufungika. Lakini yaliyokuwa yakitoka huko yalifidiwa na yaliyoingia kwa Komba, na kijiji hakikukauka.

Yule mgeni ni sumu ya kipindupindu, na Komba huyo yupo kweli katika utumbo wa kila mmoja wetu. Mwanasayansi Robert Crane alieleza kazi ya Komba mjini Prague mwaka 1960. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipokumbwa na kipindupindu katika kambi ya Bangaon, India, na dripu zikawa hazitoshi, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha maji ya chumvi na sukari. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4.

Nyumbu naye yupo. Yupo katika kila nyumba ambako mtoto anayehara ananyang'anywa kikombe eti asizidi kuhara. Msimwachie nafasi. Changanyeni pakiti ya ORS, yaani chumvi na sukari iliyopimwa tayari, kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha. Chumvi isizidi hapo. Mnywesheni mgonjwa kidogo kidogo, hata akitapika pumzikeni kisha mwendelee, na mpelekeni kituo cha afya huku anakunywa njiani.