Mbuzi ya Nazi Haina Me Wala Ke

Jumapili iliyopita nilipanda mbuzi. Msinifikirie vibaya: ni mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma. Mama watoto alikuwa na homa, wali unasubiri tui, na mabinti zangu watatu wameinamia madaftari ya mitihani. Nikajisemea, nazi mbili tu, zitanishinda?

Sikumaliza kizio cha kwanza. Jirani yetu, bibi mmoja ambaye jicho lake hupenya ukuta, akachungulia uani na kujishika mdomo.

"Yarabi! Baba Rehema, umelishwa limbwata?"

"Shikamoo bibi. Mwenzangu anaumwa."

"Hata kama! Mwanamume kukuna nazi ni kinyume cha maumbile."

Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulishapata habari, na wawili walikuja kunipa pole.

Maumbile! Neno hilo limenichosha. Mtungi wa gesi ukiisha naitwa mimi, kwa sababu ya maumbile. Panya akikatiza sebuleni saa nane za usiku nasukumwa nje ya chandarua, maumbile tena. Mgongo wangu una miaka 52 na unalia kama mlango wa ghala, lakini maumbile ya mgongo hakuna anayeyauliza.

Nikaamua kuyafuata hayo maumbile yanakokaa: kwenye daftari la baiolojia la Rehema, kidato cha nne. Limeandikwa Kiingereza, akanitafsiria. Binadamu kwa kawaida ana kromosomu 46, yaani jozi 23, na jozi moja ndiyo yenye habari za jinsi: mwanamke XX, mwanamume XY. Mimba ikiwa changa, viungo vya uzazi vya wote huanza kwa namna moja. Inapofika kama wiki ya sita au ya saba, jeni moja iliyomo kwenye Y, ambayo watafiti wa London waliitambua mwaka 1990 na kuiita SRY, huamsha utengenezaji wa korodani, kisha homoni hupokea kazi. Na hata hapo mambo hayanyooki kama mistari ya daftari. Wapo wanaozaliwa na XXY, kwa mfano. Tulisoma mpaka jalada la nyuma. Nilimuuliza Rehema mara mbili, akaapa kwamba nazi haijatajwa popote.

"Baba, hayo ya nazi yapo kwenye Uraia," akanihurumia. Jinsi ni ile ya kuzaliwa nayo, Me na Ke za kwenye fomu. Jinsia ni majukumu ambayo jamii huwagawia watu kwa kuwatazama hizo Me na Ke. Kumbe nimeaibishwa mtaa mzima kwa ajili ya herufi moja!

Na hiyo jamii yenyewe haina msimamo. Bibi huyohuyo mwezi uliopita alioza mjukuu wake. Pilau lilipikwa na nani? Wanaume watano wenye miko mirefu kama makasia, wakitamba mbele ya masufuria manne, na bibi anawaita mafundi na kuwabembeleza kwa soda baridi. Kufuma vitambaa vya makochi nyumbani ni kazi ya binti; cherehani ikihamia barazani na kutoza hela, fundi ana ndevu. Ndoo ya maji ya lita 20, ambazo ni kilo 20, hukaa kichwani pa mwanamke, huyo tunayesema hana nguvu. Maji yaleyale yakianza kuuzwa kwa dumu, hupanda mkokoteni wa kijana wa kiume. Naona kazi ikishapata bei, hubadili jinsia usiku huohuo.

Nilikuwa nimeshafurahi kwamba nimeshinda kesi, Rehema akafunua ukurasa mmoja nilioruka. Yai la mama kwa kawaida huja na X. Mbegu ya baba ndiyo huja na X au Y, na hapo ndipo mtoto huwa wa kike au wa kiume. Kwa miaka 17 yule bibi amemsimanga mke wangu kwa kuzaa mabinti watupu, nami nakaa pembeni nakunywa chai kama shahidi. Kumbe mshtakiwa nilikuwa mimi.

Nilikwenda kumweleza bibi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema limbwata hilo ni kali kuliko alivyodhani.

Wanaume wenzangu, kizio huzungushwa taratibu, na unaacha kabla ya kufika kwenye ngozi ya kahawia, la sivyo tui linaharibika rangi. Hayo sikuzaliwa nayo. Nimefundishwa na mgonjwa, akiwa amelala kitandani, anacheka.