Muulize Mjomba Spana: Gesi Haiishi, Inatoroka

Mjomba shikamoo. Naendesha Fuso la miaka ya tisini, napakia viazi hapa Mdandu kupeleka Dar. Kiyoyozi nimekijaza gesi mara tatu tangu msimu uanze. Kila nikishuka Kitonga na kuingia Ruaha Mbuyuni, kinapuliza moto kama tanuri la mkate. Fundi anasema gesi imeisha. Tajiri anasema nifungue dirisha.
– Dereva, Mdandu

Marahaba, mpwa. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama dizeli. Haiungui, inazunguka humohumo kwenye mabomba, mara majimaji, mara gesi. Ikipungua, imetoroka. Fundi anayejaza mara tatu bila kutafuta tundu anafuga mteja.

Wala usiisingizie Ruaha Mbuyuni. Ugonjwa umetoka nao nyumbani. Juni na Julai, baridi ya Njombe inauma, nani anagusa kitufe cha kiyoyozi? Sasa kompresa ina sili kwenye shafti, na sili hiyo inalainishwa na oili inayosafiri pamoja na gesi. Kompresa ikilala miezi mitatu, sili inakauka na gesi inajipenyeza. Washa dakika kumi kila wiki, hata kama umevaa sweta mbili. Changanya na hita: kiyoyozi hukausha hewa, na ule ukungu wa kioo cha mbele unaoufuta kwa kitambaa alfajiri utaondoka wenyewe.

Tundu lilipo, tafuta uchafu. Gesi hutoka na oili, oili hunasa vumbi. Angalia usoni mwa kompresa, kwenye viungio vya mabomba, na kondensa pale kokoto zinapopiga. Kisha paka povu zito la sabuni ya vyombo kwa brashi, usubiri. Niliwahi kukodolea kiungio kimoja dakika tano nzima, nikakaribia kukisamehe, ndipo kipovu kimoja kikavimba polepole, ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Huyo ndiye mwizi.

Ukibadilisha oringi, ile pete ya mpira ya kwenye kiungio, iwe ya kiyoyozi, si iliyokatwa kwenye tyubu ya tairi. Oili ile itaivimbisha. Mfumo ukifunguliwa, badilisha na kile kichujio cha kunyonya unyevu. Fundi avute hewa kwa pampu nusu saa au zaidi, azime, atazame geji: mshale ukitulia, ajaze gesi kwa kupima uzito. Na msome kibandiko. Gari la umri huo huenda lilizaliwa na R12, gesi iliyopigwa marufuku kupitia Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kutoboa ozoni. R134a, gesi iliyochukua nafasi yake, ina oili yake, haipatani na ile ya zamani. Umeme wa Fuso ni volti 24, kwa hiyo asikupachikie klachi ya kompresa ya pikapu.

Mjomba, mimi utingo wa gari hilo. Wiki ile gesi ilipojazwa, maji yalinimwagikia miguuni tangu Mikumi hadi Chalinze. Dereva anasema ndiyo gesi inavuja. Nitadhurika?
– Ninayelowa

Hapana. Gesi ikitoka inakuwa hewa papo hapo, hailowanishi soksi. Hayo ni maji ya hewani: kipozeo nyuma ya dashibodi hutoka jasho kama chupa ya soda baridi. Mpira wa kuyatoa nje umezibwa na udongo. Ingia chini uuzibue kwa waya laini. Na ushukuru, siku hiyo kilikuwa kinapoza.

Mume wangu dereva amenimalizia sabuni ya vyombo. Anasema anatafuta gesi. Nimwamini?
– Mama Watoto

Mwamini, mama, mradi anarudi na oili mikononi. Akirudi ananukia manukato, hilo tundu silijui mimi.

Mimi ndiye mwenye gari. Kuna fundi Makambako anasema atie gesi ya kupikia, ni rahisi na inapoza vilevile.
– Tajiri

Kupoza itapoza, hajakudanganya. Lakini kipozeo kimo ndani ya kabini, na umeshasoma barua tatu za watu wanaolalamikia gari linalovuja. Hebu fikiria vioo vimefungwa, gesi ya jikoni inajaa taratibu, na dereva anatafuta kiberiti awashe sigara. Kataa, tajiri. Toa hela ya oringi.