Kambi ya Bure Kitonga

Mgeni anatoka Ujerumani na nyumba yake juu ya magurudumu: kitanda, jiko, friji, choo. Akifika Iringa, swali la kwanza: nitalala wapi? Si umekuja na chumba, ndugu yangu! Basi anaelekezwa Kisolanza, shamba lililo kilomita 50 hivi nje ya mji kwenye barabara ya Mbeya, akalipe ili alale ndani ya gari lake mwenyewe. Asubuhi anasifia utulivu.

Sisi wa mabasi kambi yetu ni Mlima Kitonga, njiani kuja Iringa, wala haina haja ya kuwekewa nafasi. Lori moja likikata roho kwenye kona, utingo anakata matawi, anayapanga barabarani kuwa onyo, na wote tumeshakuwa watalii. Mandhari ya bonde ni bure. Choo ni kichaka: wanaume huku, wanawake kule. Huduma zinakufuata dirishani, pamoja na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, ambavyo saa nane za usiku hakuna anayejua avile na nini.

Ukisafiri Julai, beba shuka zito. Baridi ya Iringa haiulizi kama ulikusudia kupiga kambi.