Sifa za Cherehani ya Nyumbani Ikishona Ngozi

Kila kitu duniani kimepata wa kukisifu isipokuwa cherehani ya nyumbani inaposhona ngozi. Nimeishi nayo vya kutosha kuona kwamba huo ni uonevu, na leo naiondolea.

Nazungumzia ile nyeusi ya kukanyaga, iliyomaliza sare za shule na madera ya mtaa mzima bila kununa. Ipe kitenge, itateleza mpaka adhana ya magharibi. Ipe tabaka mbili za ngozi ya ng'ombe, ndipo utakapozijua fadhila zake.

Zile ndogo nitazipitia mbiombio. Inajenga misuli, maana kwenye pindo nene kanyagio hugoma, ikabidi gurudumu lizungushwe kwa mkono, tundu moja moja. Inawaneemesha wauza sindano. Inamfanya jirani achungulie dirishani kuuliza kama mko salama.

Fadhila yake kuu ni kumbukumbu. Kitambaa kina huruma: ukikosea unafumua, unanyunyiza maji kidogo, unapiga pasi, na mwenye gauni hajui lililopita. Ngozi haina msamaha huo. Sindano ikishatoboa, tundu limeandikwa, halifutiki kwa pasi wala kwa dua. Mguu wa cherehani unanata juu ya ngozi, ngozi inakataa kusogea, mishono inarundikana mahali pamoja. Huo ushahidi wa kwanza. Ukigeuza upande wa chini, meno yanayosukuma yameacha alama mstari mzima. Ushahidi wa pili. Na kwa kuwa mishono imebanana mno, ukivuta kidogo tu pochi inachanika mstarini kama karatasi ya stempu. Hapo kesi imekwisha.

Ningekuwa na sauti serikalini ningependekeza cherehani hii iapishwe. Iwekwe katika kila ofisi ya umma, na kila uamuzi upitishwe chini ya sindano yake kabla ya kugongwa muhuri. Faili lisingepotea tena. Mkaguzi Mkuu angefika mara moja kwa mwaka, apapase mstari kwa kidole, asome matundu, aende zake. Mimi haijawahi kunipa hati safi hata siku moja, na kwa hilo naiheshimu.

Nayo ngozi ni mwenzi anayeifaa, maana huja ikiwa imekwisha andikwa. Hapa chapa ya moto ya mwenye ng'ombe, imepigwa pale pale ambapo ungekata kipande cha maana. Hapa mikwaruzo ya miiba. Pale kisu cha mchinjaji kiliteleza. Unalipia vyote.

Sasa, nani aliyetukutanisha na balaa hili? Mwezeshaji wa semina. Ukumbi ulikuwa na feni, chai ya saa nne ilikuwa na sambusa, na ukutani palibandikwa maneno "mnyororo wa thamani". Tukaambiwa nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, kweli tupu, na kwamba ngozi zinatupwa machinjioni, nayo kweli. Kisha ikaja kauli yenyewe: anzeni na mlichonacho, hata cherehani ya nyumbani inatosha. Haitoshi! Aliyewahi kushona ngozi hata dakika tano hathubutu kusema hivyo. Hakutuambia kuna sindano za ngozi zenye ncha ya kukata. Hakutuambia ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti huozesha uzi wa pamba, wala kwamba kingo hupunguzwa kwanza kwa kisu na kubandikwa gundi. Akagawa vyeti, tukapiga picha ya pamoja, akasaini posho, akaondoka.

Wala si yeye aliyeanza. Miaka ya 1970 Morogoro ilijengewa kiwanda cha viatu kwa fedha za Benki ya Dunia. Mashine zilikuwa za kisasa, lengo lilikuwa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziuzwe Ulaya. Kuta zilikuwa za aluminiamu na hapakuwekwa mfumo wa kupitisha hewa, katika joto la Morogoro! Hakikufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ukakoma. Ni kosa lile lile: mashine iletwe kwanza, ngozi, hali ya hewa na mshonaji wataulizwa baadaye. Ila mafaili hayana tabia ya ngozi. Matundu yake huzibwa kwa ripoti, na mkakati mpya ukaandikwa kana kwamba hakuna aliyewahi kutoboa.

Anayeijua kazi hii yuko chini ya mwarobaini, jirani na kituo cha daladala, na msharasi wake na uzi uliopakwa nta. Hutoboa kwanza, kisha huvuta uzi kutoka pande zote mbili, na mshono wake huishi kuliko soli. Kwenye semina hakualikwa. Hana barua pepe.

Ombi langu kwa waandaaji wa semina ijayo ni dogo. Ukumbi uwepo, sambusa ziwepo. Lakini kabla ya kufungua kinywa, mwezeshaji akae kwenye cherehani yangu ashone kona moja ya pochi, pale tabaka nne zinapokutana. Posho yake ipo, atasaini akimaliza.