Ombi la Kurekebisha Ramani ya Afrika

Kwa Waheshimiwa Makamishna,
Kamisheni ya Umoja wa Afrika,
Addis Ababa.

YAH: UMBALI WA DAR ES SALAAM NA DAKAR

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Atlasi za shule zinaendelea kuwadanganya watoto wetu. Ukipima humo kutoka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere hadi ule wa Blaise Diagne, Senegal, unapata takriban kilomita 6,650. Kwa ndege kubwa hiyo ni safari ya saa nane hivi. Maana yake mtu aondoke Dar saa mbili asubuhi na, kwa kuwa saa za Dakar ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu, awahi wali wa samaki wa mchana kwa wenyeji wake.

Uzushi mtupu! Ndege ya moja kwa moja haipo. Ukipitia Istanbul unapanda kaskazini kilomita 5,400 na ushei mpaka mlangoni mwa Ulaya, unasinzia kwenye viti vya chuma umekumbatia begi, kisha unashuka kilomita 5,300 nyingine kurudi Afrika uliyoiacha jana. Wenye bahati hupitia kwenu Addis, na hilo tunalielewa: si adabu kukatiza uwanja wa watu bila kupiga hodi.

Wako wenzetu wanaoruka kutoka Singapore hadi New York, zaidi ya kilomita 15,000, bila kutua popote. Tusiwaonee wivu. Wao wana ndege tu. Sisi tuna Uamuzi wa Yamoussoukro wa mwaka 1999, uliofungua anga ya bara hili kwenye karatasi. Karatasi ilipochakaa mkazindua Soko Moja la Usafiri wa Anga, Januari 2018, hapo hapo Addis, nchi 23 zikiwemo.

Kwa faida ya wasiojua: ndege ya Tanzania ikitaka kutua Kinshasa, ishushe watu na kupakia wengine wa kwenda Dakar, sharti Kongo na Senegal ziridhie. Zisiporidhia, viti vilivyoachwa Kinshasa vinakwenda vitupu hadi mwisho wa safari, na kiti kitupu hakinunui mafuta. Kila serikali inalinda shirika lake la ndege lisiguswe na majirani. Mengine yamelindwa mpaka yakafa: Air Afrique ya nchi kadhaa za Afrika Magharibi na ya Kati ilizikwa 2002.

Mtasema abiria wa njia hiyo ni wachache. Ni kweli. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayajua maduka ya Guangzhou kuliko masoko ya Dakar, maana Guangzhou kunafikika.

Hivyo naomba kilomita zifutwe kwenye ramani za Afrika, umbali upimwe kwa saini zinazosubiriwa. Istanbul ichorwe katikati ya Tanzania na Senegal, Dubai iwekwe pembeni kidogo kwa ajili ya wenye haraka. Mwanafunzi atakayeandika 6,650 kwenye mtihani akoseshwe.

Mkinihitaji kwa mahojiano niiteni tu. Ndege ya Addis ipo.

Wenu mtiifu,
Mlipa Nauli,
Dar es Salaam.

Nakala: Wachapishaji wa atlasi za shule za msingi.